Meza ya Mfalme na Swali la Dawa

Somo: 2 Samweli, sura ya 9

Maneno ya leo si ya mtu mwenye elimu kubwa. Ni maneno ya baba aliyepewa na Mungu watoto wanne, na wa tatu wao ni binti mwenye hali ile ambayo madaktari waiita sindromu ya Down. Sasa yu msichana wa miaka 17.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Mwaka wa 2025 mwalimu mwenzangu alikuja kwetu jioni, naye amesoma habari ya kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Mie, katika nchi ya Japani, wamepata njia ya kuondoa ndani ya chembe za mwili kile kitu cha ziada kiletacho hali hii. Akaniuliza, "Mwalimu, dawa hii ikitimia, utampa binti yako?" Nikajibu upesi, kama mtu aliyezoea kuhubiri: "La, sitampa. Mungu ndiye aliyemwumba hivi, nami sitaki kubadilishiwa mtoto." Nikadhani nimejibu vema.

Lakini mama yake alikuwa jikoni, akasikia. Mgeni alipokwisha kwenda zake akaniambia, "Baba watoto, wewe umejibu hivyo kwa sababu si wewe umwogeshaye. Dawa hiyo ingefika usiku huu, mimi ningempa kabla hakujapambazuka. Sisi tukifa, ni nani atakayemwekea chakula?"

Usiku ule sikupata usingizi. Nilitambua ya kuwa jibu langu lilikuwa zuri masikioni, lakini halikunigharimu kitu. Na jibu lake lilitoka katika miaka 17 ya kazi na hofu. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafakari jambo hili mbele za Mungu, nami nataka kuwaeleza nilikofika.

Kwanza, tujue hali yenyewe ni nini

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe nyingi ndogo zisizoonekana kwa macho, na ndani ya karibu kila chembe zimo nyuzi ziitwazo kromosomu, zichukuazo urithi wa baba na mama. Watu wengi wanazo 46, jozi 23. Walio wengi katika wenye sindromu ya Down wanazo 47, kwa kuwa ile ya 21 ipo mara tatu badala ya mara mbili. Daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliandika habari za hali hii mwaka wa 1866, na kwa ajili hiyo yaitwa kwa jina lake. Lakini asili yake hakuijua. Ilijulikana mwaka wa 1959 huko Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walipotangaza ya kuwa wameiona ile kromosomu ya ziada.

Basi, ndugu zangu, hapa pana faraja kubwa. Binti yetu alipozaliwa tulisikia mengi. Huyu alisema ni laana ya ukoo. Yule alisema mama yake alimcheka kilema alipokuwa na mimba. Mke wangu aliyabeba maneno hayo muda mrefu kuliko alivyombeba mtoto mgongoni. Lakini jambo hili hutokea pale mbegu ya uzazi inapofanyika, kabla mama hajajua kwamba ana mimba. Wanawake wenye umri mkubwa hupatwa zaidi, lakini hata mama kijana aweza kumzaa mtoto wa namna hii. Si tendo la mzazi lililolileta. Wanafunzi wa Bwana walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Naye Bwana alikataa swali lao, akageuza macho yao waitazame kazi ya Mungu (Yohana 9). Mwalimu asikiaye maneno ya laana katika mtaa wake asinyamaze. Akinyamaza, mama yule atadhani kanisa nalo lasema vivyo hivyo.

Pili, kuponya si dhambi

Nilisema ya kwamba Mungu ndiye aliyemwumba hivi. Neno hili ni la kweli. Lakini mtu aweza kujificha nyuma ya neno la kweli.

Karibu nusu ya watoto wa hali hii huzaliwa na kasoro ya moyo. Binti yetu naye alizaliwa na tundu moyoni. Alikuwa akinyonya kidogo, kisha anaacha, anahema, na midomo yake inageuka rangi. Alipokuwa na miaka miwili alipasuliwa. Nami nakumbuka karatasi ile waliyonipa nitie sahihi. Je, siku ile nilisema, "Mungu ndiye aliyemwumba hivi, msimguse"? Sikusema. Nilitia sahihi huku mkono ukitetemeka, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mikono ya wale madaktari. Tundu lile lilitoka katika kromosomu hiyohiyo. Kama nilikubali litengenezwe, kwa nini nikatae lingine?

Yatupasa kujua tena ya kuwa uponyaji mwingi umekwisha kuwapo. Katika nchi ya Marekani, mwaka wa 1983, watu wenye hali hii walikuwa wakiishi kadiri ya miaka 25. Siku hizi huko huishi karibu miaka 60. Hakuna aliyeondolewa kromosomu. Walitengenezwa mioyo, walitibiwa homa za mapafu, walipimwa masikio na macho na tezi ya shingoni. Na jambo kubwa, hawakuachwa tena katika majumba ya kufichia watu, bali walilelewa nyumbani, wakapelekwa shule.

Na dawa ile mwenzangu aliyoiuliza? Mwaka wa 2013 Jeanne Lawrence na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, waliweza kuinyamazisha kromosomu ya ziada katika chembe zilizokuzwa ndani ya vyombo. Na mwaka wa 2025 wale wa Japani waliitoa kabisa, nao vilevile katika vyombo. Chembe katika chombo si mtoto. Mwili wa binti yangu una chembe zisizohesabika, na moyo wake na ubongo wake ulijengwa zamani, alipokuwa bado tumboni. Kwa hiyo mtu asiuze shamba lake kwa tumaini la habari hizi, wala asimfuate tapeli ajaye na chupa akisema dawa imefika.

Lakini lipo jambo moja linalomtia mke wangu hofu usiku. Katika kromosomu ile ya 21 imo jeni yenye uhusiano na ugonjwa wa Alzheimer, yaani ule usahaulifu uwapatao wazee. Kwa kuwa wanayo mara tatu, wengi wa watu hawa wakifika miaka 40 bongo zao zimekwisha kuwa na alama za ugonjwa huo. Binti yetu ajua majina ya watu wote wa mtaa wetu, na ya ng'ombe wao. Je, itafika siku asijue jina lake mwenyewe, nasi tumekwisha lala kaburini? Nami nakiri mbele yenu: ikija dawa ya kuuzuia usahaulifu huo, nitampa bila kungoja asubuhi, kama mama yake alivyosema.

Basi nilirudi kwake, nikamwambia, "Nimekuja nusu ya njia yako." Akanijibu, "Nami nimekwenda nusu ya njia yako. Namtaka huyuhuyu. Sitaki aje msichana mwingine mwenye maneno mengi, akae katika kitanda chake." Kwa maana mtoto si tundu moyoni tu, wala si hesabu ya kromosomu. Cheko lake, na jinsi asivyoweza kuweka kinyongo hata jua likachwa, na jinsi anavyokataa kuanza kula mpaka kila mtu amepata sahani yake: ni nani awezaye kusema haya ni ugonjwa, na yale ni yeye? Sisi wawili hatujui mpaka uko wapi. Tumwombe Mungu amwondolee kila kimwumizacho, bali yeye mwenyewe atuachie.

Tatu, tuitazame meza ya mfalme

Sasa tulisome somo letu. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa mtoto wa miaka mitano habari za vita zilipofika. Yaya wake akakimbia naye kwa haraka, akaanguka, naye akalemaa miguu yote miwili. Baba yake alikuwa amekufa, na babu yake pia. Aliishi katika nyumba ya mtu mwingine, mbali na mji wa mfalme. Hata mfalme Daudi akauliza kama yuko mtu aliyesalia wa nyumba ya Sauli, apate kumtendea mema kwa ajili ya Yonathani. Wakamleta Mefiboshethi. Naye akajiona hana thamani kuliko mbwa aliyekufa.

Angalieni, ndugu: Daudi hakuwa na dawa ya miguu ile. Sura yenyewe inakwisha kwa kutukumbusha ya kuwa mtu huyu alibaki kiwete. Lakini alimpa alivyokuwa navyo. Alimrudishia mashamba ya babu yake. Alimwagiza Siba, pamoja na wanawe 15 na watumishi wake 20, wayalime. Na yeye mwenyewe akamketisha mezani pake sikuzote, kama mmoja wa wana wa mfalme. Mtu aketiye mezani miguu yake haionekani.

Nilipofika hapo nililielewa swali la mke wangu. Aliuliza, "Ni nani atakayemwekea chakula?" Yonathani naye alikuwa mzazi aliyekufa na kumwacha mtoto asiyeweza kukimbia. Aliyemjibu Yonathani alikuwa rafiki yake. Haikuwa dawa. Basi nusu ya haja ya dawa hiyo, ndugu zangu, yatoka kwetu. Mzazi anayetaka mtoto wake abadilike kabla ya mapambazuko, mara nyingi hamkimbii mtoto wake, anatukimbia sisi.

Wala tusiseme dhambi hii ni ya wengine tu. Luther mwenyewe, kama walivyoandika waliokula naye mezani, alinena juu ya mtoto mmoja kilema huko Dessau ya kwamba afaa kutupwa mtoni. Neno hilo hatuwezi kulipokea, ijapokuwa twampenda mwalimu wetu. Na katika Ujerumani, nchi ya kanisa lake, tangu mwaka wa 1940 hata 1941 serikali ya Hitler iliwaua kwa gesi watu zaidi ya 70,000 waliokuwa katika nyumba za wagonjwa, vilema na wenye akili dhaifu, nao wauaji waliita kazi hiyo rehema. Misioni ya Betheli, iliyoanza kazi Usambara mwaka wa 1891 na kufika Bukoba mwaka wa 1910, ilikuwa na makao yake huko Bielefeld, penye nyumba kubwa za wagonjwa wa namna hiyo. Karatasi za kuwaandikisha wagonjwa zilipoletwa mwaka wa 1940, mchungaji Fritz von Bodelschwingh, mkuu wa Betheli, alikataa zisijazwe. Naye mchungaji Paul Gerhard Braune aliandika waraka wa kuyashitaki mauaji hayo, akatiwa gerezani. Wengi wa Betheli waliokoka. Lakini si wote, kwa maana wagonjwa Wayahudi walichukuliwa kutoka hapo mwaka uleule, wakauawa. Na siku hizi, tangu mwaka wa 2011, kuna kipimo cha damu ya mama kionyeshacho kama mtoto aliye tumboni ana kromosomu hiyo. Na katika nchi kama Denmaki na Aislandi wazazi walio wengi wakipata habari hiyo huitoa mimba. Lejeune aliyetafuta dawa alihuzunika mpaka kufa kwake mwaka wa 1994, kwa sababu ujuzi wake ulitumiwa kuwaondoa wagonjwa badala ya kuuondoa ugonjwa.

Haya yote ni mbali. Niseme na la karibu. Binti yetu alipofika umri wa kipaimara, niliomba aandikwe pamoja na wenzake. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema tena rafiki yangu, akasema, "Hawezi kuikariri Katekismo. Tukimruhusu huyu, tutawazuiaje wavivu?" Nami nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa na haya. Mke wangu hakunyamaza. Alimwuliza mchungaji, "Je, katika Katekismo Ndogo imeandikwa ya kuwa anayestahili ni yule akaririye, au ni yule aaminiye kwamba Bwana alijitoa kwa ajili yake?" Mchungaji akafikiri, kisha akasema, "Mleteni."

Alimfundisha miezi mingi, si kwa maneno mengi, bali kwa mkate halisi na kikombe halisi, akimwonyesha. Siku ya kuulizwa, mbele ya wazee, alimwuliza, "Ni nani akupaye chakula hiki?" Akajibu, "Yesu." "Ampa nani?" Binti yetu akajionyesha kifuani kwa kidole. Kisha akamwonyesha mama yake. Kisha akanyosha mkono, akamwonyesha yule mzee aliyemkataa. Mzee yule akainamisha kichwa. Jumapili ile ndiye aliyekwenda naye madhabahuni, amemshika mkono. Na baadaye alikuja nyumbani kwetu, akasema, "Mkifa ninyi, na mimi nikiwa hai, atakula kwangu. Nimekwisha waambia wanangu."

Siku ile, wapenzi, mke wangu alilala usingizi. Hali ya mtoto haikugeuka hata kidogo. Kromosomu ni 47 vilevile. Lakini swali lake moja lilikuwa limejibiwa.

Basi tufanyeje?

Nawaomba ninyi waalimu mambo manne. Mkisikia amezaliwa mtoto wa namna hii, nendeni upesi kama mwendavyo kwa watoto wengine, mkafurahi na wazazi, mkambatize. Washaurini wampeleke hospitali apimwe moyo, masikio, macho na tezi. Msiwaache wangoje dawa ya mbali huku ya karibu ipo. Waandikeni watoto hao katika mafundisho, mkawafundishe kwa vitu na matendo, kwa subira. Tena, wazazi wakiwa wangali hai, baraza la wazee liulize wazi: ni nyumba gani itakayompokea mtoto huyu siku ile? Jina la nyumba hiyo lijulikane, ili wazazi wapate kulisikia kabla ya kufa.

Nanyi wazazi wenzangu, mkiulizwa kama mngempa mtoto wenu dawa, msijibu upesi kama nilivyojibu mimi. Msione aibu kutaka aponywe. Bwana wetu aliwaponya wengi, wala hakumkemea mzazi hata mmoja aliyemlilia kwa ajili ya mtoto wake. Tena msione aibu kumpenda kama alivyo. Bwana alifufuka na alama za misumari zingali mikononi mwake, wala utukufu wake haukuzifuta. Mimi na mke wangu twaomba haya yote mawili katika sala moja, wala hatuoni kwamba twajipinga.

Tuombe. Ee Bwana, uliyezihesabu chembe zetu kabla hatujazaliwa, uwabariki wale watafutao dawa, uitakase mioyo yao, wasiangamize wale waliokusudia kuwaponya. Uwaondolee watoto wetu maumivu, na usahaulifu, na upweke. Uwaondolee wazazi hofu ya siku ya kufa. Utuondolee sisi ugumu wa mioyo, tusimwinue mtu yeyote mezani pako uliyemketisha wewe. Na siku ile utakapotuita karamuni, utukute tumeketi pamoja, wala asikosekane hata mmoja. Amina.